Kuandika Machungu Bila Kuvunja Sitara

Sisi tuliolelewa Tanga tulifundishwa mapema kwamba mambo ya nyumbani hayatoki nje: funika kombe, mwanaharamu apite. Malezi hayo yana heshima yake, nami siyabezi, lakini yamewafanya wengi wetu tubebe misiba, talaka na madhila kwa miaka mingi bila kuyatamka hata mbele ya ndugu wa tumbo moja. Karatasi humwezesha mtu kusema kila kitu na sitara yake ikabaki palepale.

Utaratibu ninaoueleza, wa kuandika machungu yako dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, unatokana na kazi ya James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani. Katika utafiti aliouchapisha pamoja na Sandra Beall mwaka 1986, wanafunzi wa chuo kikuu waliandika kwa dakika 15 kila jioni, siku nne mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walikwenda kutibiwa mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida; walioeleza tukio tupu, bila hisia, hawakupata nafuu hiyo.

Usianze mapema mno, kwa maana kidonda kibichi hakichokonolewi. Mimi nilianza wiki moja baada ya kumzika mama, nikaacha siku ya pili kwa sababu kila sentensi ilinirudisha makaburini. Nilipoanza tena baada ya arobaini, kalamu ilikwenda.

Tafuta daftari la kawaida la shule na saa ambayo hutaitwa na mtu, iwe baada ya Isha au alfajiri kabla nyumba haijaamka. Tega kengele ya simu dakika 15, kisha andika bila kusita na bila kurudi nyuma kusahihisha. Tumia lugha unayolilia: ikiwa kilio chako huja kwa Kibondei, Kidigo au Kisambaa, usikilazimishe kiwe Kiswahili sanifu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, alimlilia mkewe Amina kwa shairi, lakini shairi lile lilitungwa lisomwe na wengine. Wewe huna msomaji, kwa hiyo vina na urembo wa maneno viweke kando.

Siku mbili za mwanzo, funga hisia na jambo lililotokea. Kuandika "nilihuzunika sana" hakufungui kitu. Andika hivi: "Nilifika saa nane mchana nikakuta kitanda kimetandikwa upya, miguu ikaniisha nguvu, nikamkasirikia kaka kwa kuchelewa kunipigia simu." Hasira ile kwa kaka ndiyo niliyokuwa nimeificha muda wote, hata mimi mwenyewe sikuijua hadi nilipoiona imeandikwa kwa mkono wangu.

Siku ya tatu na ya nne, jiulize sababu. Pennebaker na wenzake waligundua baadaye kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao maandishi yao yalizidi kuwa na maneno kama "kwa sababu" na "sasa naelewa" kadiri siku zilivyokwenda. Kwa nini kaka alichelewa? Yeye alikuwa wapi, na alikuwa akiogopa nini? Kurudia lalamiko lilelile siku zote nne hukuacha ulipokuwa.

Tarajia huzuni mara tu baada ya kuweka kalamu chini. Kwa kawaida hupungua baada ya saa moja au mbili. Hata hivyo, ukiona jambo fulani linakutetemesha mwili, liache na uandike jingine. Ukikosa usingizi siku kadhaa, au ukijiwa na fikra za kujidhuru, usiendelee peke yako: mweleze mtu unayemwamini, muende hospitali siku hiyohiyo, na kwa walio Tanga mjini, hospitali ya Bombo haiko mbali.

Ukimaliza, daftari ni lako. Unaweza kulichana na kulitia katika jiko la mkaa, nami naona hilo ni bora kuliko kulificha chini ya godoro mahali ambapo watoto watalikuta. Wazee waliosoma chuo cha Kurani wana njia nyingine, yaani kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo wajukuu wengi hawawezi kuzisoma wakakuta Kiswahili ndani yake. Na mama au baba asiyeandika kabisa anaweza kujirekodi kwa simu dakika zilezile 15, siku zilezile nne, kisha akafuta sauti yake mwenyewe kabla hajamrudishia mwenye simu.