Pigo la mwanya: tunavyolicheza kwenye meza ya kukatia nguo

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma. Jumapili mchana, mashine zikishafunikwa, meza ya kukatia nguo inakuwa uwanja wa vita. Natandika kipande cha marekani nilichokichora miraba kwa chaki, kila mraba inchi 1, na hiyo inchi ni futi 5 za mchezo. Mashujaa ni vifungo vya koti, fisi, yaani maadui, ni vifungo vyeusi vya suruali. Tunacheza Dungeons & Dragons toleo la tano, mchezo wa mezani ambao kila mtu anaigiza mhusika wake na kete zinaamua matokeo. Tunafuata kanuni za 2014, na anayeongoza mchezo ni mimi.

Kanuni iliyotusumbua kuliko zote ni ile ya kumpiga adui katikati ya zamu yake, pale anapokukimbia. Sisi tunaiita pigo la mwanya. Yote yamo kwenye neno moja: kutoka. Adui unayemwona akitoka kwa mwendo wake mwenyewe nje ya upeo wa silaha yako (kwa silaha fupi, mraba mmoja kukuzunguka), unaruhusiwa kutumia riaksheni yako, yaani tendo lako moja la kujibu nje ya zamu yako, kumpiga mara moja, kwa silaha ya mkononi au hata kwa ngumi. Mshale hapana. Akiingia kwenye upeo wako, hakuna pigo. Akikuzunguka huku bado unamfikia, hakuna pigo.

Hapo kwenye kuzunguka ndipo nilipowaumiza wenzangu kwa miezi kadhaa. Kitabu nilichoanza nacho kilikuwa cha toleo la tatu, la mwaka 2000, na kule kuondoka tu kwenye mraba ambao adui anaufikia kunaweza kukuponza, hata ukiwa bado ubavuni mwake. Nikaichanganya na kanuni zetu bila kujua. Watu wakaacha kusogea kabisa, wakawa wanasimama na kupigana kama nguzo. Mdogo wangu akampoteza mganga wake, mhusika aliyemlea tangu siku ya kwanza, kwa sababu alimzunguka fisi ili amfikie mwenzake aliyeanguka. Kwa kanuni zetu hakuwa ametoka popote. Nilipoligundua kosa nilimwomba radhi mbele ya wote, na mganga tukamrudisha.

Sasa tunafanya hivi. Kila mchezaji ana kifungo kimoja cheupe cha shati, na hicho ndicho riaksheni yake. Akikitumia anakisukuma katikati ya meza, na anakichukua tena zamu yake inapoanza, si raundi inapokwisha. Fisi wangu nao kila mmoja ana pini kando yake, kwa sababu adui ana haki ileile. Anayetaka kusogea hainui kifungo chake kabla hajasema kwa sauti, "Natoka." Tunatulia kidogo, mwenye kifungo cheupe anaamua. Utulivu huo mdogo umetuondolea ubishi wote wa "ningempiga, hukuniuliza".

Pigo linatua kabla adui hajatoka. Fisi wa kawaida ana uhai 5 tu na kinga 11 (namba ambayo kete ya anayempiga lazima iifikie pamoja na nyongeza zake), kwa hiyo mkuki ukimpata vizuri anaangukia palepale alipo, na kifungo chake hakisogei. Na ni pigo moja tu, hata kama mpiganaji wako hupiga mara mbili kwenye zamu yake.

Silaha ndefu zinataka macho zaidi. Dereva wetu wa bodaboda anamchezesha mfugaji wa Kigogo mwenye mjeledi, na mjeledi unafika futi 10, yaani miraba miwili. Alifurahi akidhani atapiga kila anayerudi nyuma. Lakini fisi aliyekuwa ubavuni akirudi nyuma mraba mmoja, bado yuko ndani ya upeo wa mjeledi, hajatoka. Anapovuka mraba wa pili ndipo mjeledi unalia. Kwa hiyo silaha fupi humkamata anayerudi hatua moja, na ndefu humkamata anayekimbia kweli. Ukiwapanga wawili hao pamoja, adui hana pa kupenya.

Kuna njia halali za kutoka salama. Ya kwanza ni kutumia tendo lako la zamu kujiondoa: hutampiga mtu, lakini mwendo wako wote wa zamu ile hauleti pigo. Mwizi kuanzia daraja la 2 anaweza kulifanya hilo kama tendo la ziada, na ndiyo maana nawashauri wageni wenye woga waanze na mwizi. Aliyesukumwa au aliyehamishwa kwa uchawi papo kwa hapo hapigwi pia, kwa kuwa hakutembea kwa miguu yake. Ila uchawi ukimlazimisha adui atumie riaksheni yake mwenyewe kukimbia, hapo anapigika.

Mchawi nampa ushauri tofauti: abane kifungo chake cheupe. Uchawi wa Ngao, unaoongeza kinga kwa 5, nao ni riaksheni. Akishamchapa fisi kwa fimbo yake, mshale ukija hana Ngao.

Kabla ya kuwaita wenzako, fanya zoezi hili peke yako. Weka mpiganaji mmoja mwenye upanga na fisi wawili, mmoja kila ubavu. Msogeze fisi wa kwanza kwenye miraba inayomzunguka mpiganaji, hadi akutane na mwenzake: hakuna pigo. Mtoe mraba mmoja nje: pigo, na kifungo cheupe kinaenda katikati ya meza. Sasa mtoe fisi wa pili. Huyo anaondoka bila kuguswa.