Lori Linapogonga "Ta" na Injini Isizunguke

Dereva anapozungusha ufunguo akasikia mlio tu, injini isizunguke hata robo, lawama ya kwanza huangukia stata, ile mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake. Katika malori ya dizeli ya volti 24, yale ya Fuso na Isuzu yaliyojaa barabarani kwetu, stata huharibika kweli, lakini si mara nyingi kama inavyofunguliwa. Mlio ni ushahidi kwamba umeme umefika mahali fulani; kazi yako ni kujua umefika wapi na umepungukia wapi.

Weka gia huru, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa mawe, kisha mwachie utingo ufunguo nawe usimame mahali unapoweza kuisikia stata. Mwambie awashe taa kubwa kwanza, halafu apige stata, na wewe utazame taa huku ukisikiliza.

Milio ya haraka inayofuatana, tatatata, pamoja na taa zinazofifia, karibu kila mara ni upungufu wa umeme. Juu ya stata kuna solenoidi, ambayo koili yake ikipata umeme huvuta chuma cha ndani. Chuma hicho husukuma gia ndogo ya stata ishikane na meno ya flaiwili, gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini, na mwisho wa safari yake hukutanisha kontakti za shaba zinazopitisha umeme mwingi kwenda kwenye mota. Betri ikiwa dhaifu, mota inapoanza kudai umeme wake volti huanguka, koili hushindwa kukishikilia chuma, chuma hurudi nyuma, volti hupanda, na mzunguko huo hujirudia mara kadhaa kwa sekunde moja. Stata yenye tabia hiyo kwa kawaida ni nzima, ila ina njaa.

Pima basi betri kwa multimita, kifaa cha kupimia volti, kila moja peke yake, kwa sababu betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo huweza kusoma jumla inayoridhisha huku moja ikiwa imelala. Betri iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.0 iko karibu kwisha. Kipimo chenye maana zaidi ni kile cha wakati wa kupiga stata: betri inayoporomoka chini ya volti 9.6 haina nguvu, hata kama kabla ya hapo ilisoma vizuri. Ukikuta moja ni dhaifu sana kuliko mwenzake, angalia kama kuna mtu alivuta waya wa redio au wa chaja ya simu kutoka betri moja tu ili apate volti 12. Desturi hiyo imeua betri nyingi, maana moja hunyonywa kila siku huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi.

Betri zikiwa nzima, hamia kwenye nyaya, na hapa usiwe na haraka. Tulilala Ruaha Mbuyuni usiku mmoja na shehena ya vitunguu, stata ikigonga "ta" moja na kunyamaza. Asubuhi fundi akaleta stata nyingine, ikafungwa, ikalia vilevile. Kosa lilikuwa kwenye waya mnene wa hasi, pale unapofungwa kwenye chasisi: boliti ilikuwa imekaza barabara, lakini chini ya kichwa cha waya kulikuwa na kutu iliyofunikwa na rangi. Kipimo cha dakika mbili kingetuokoa. Gusisha ncha moja ya multimita kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, si kwenye kibano chake, na nyingine kwenye mwili wa stata, kisha utingo apige stata. Volti inayoonekana ndiyo inayopotea njiani. Ikizidi nusu volti kwa kiasi kikubwa, kuna kiungo kibovu. Sisi tulisoma zaidi ya nne. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi boliti nene ya solenoidi, bila kusahau swichi kuu ya kukatia umeme ikiwa lori linayo. Unaposafisha, anza kufungua hasi na uimalizie hasi wakati wa kufunga. Sugua kwa msasa hadi chuma king'ae.

Mlio mmoja mzito, taa zikibaki angavu na volti zikifika kamili, sasa ndio unaielekeza stata: kontakti za solenoidi zimeungua au kaboni, vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota, zimekwisha. Lakini taa zikififia sana ilhali betri na nyaya zimepita vipimo, huenda injini yenyewe imekwama. Jaribu kuizungusha kwa spana ndefu kwenye nati ya puli ya krenki, mhimili mkuu wa injini. Ikigoma, usilisukume lori liwake, kwani maji yaliyoingia kwenye silinda hayashindiliki na yanaweza kupinda konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Kama mlio ni mwepesi na unatoka kwenye rilei tu, swichi ndogo ya umeme inayoiamrisha solenoidi, stata ikiwa kimya kabisa, pima kama waya mwembamba wa solenoidi unapata volti 24 ufunguo unapopigwa.

Kuunganisha boliti za solenoidi kwa bisibisi ili stata izunguke bila ufunguo ni ufundi wa barabarani ambao siupendi: lori lililosahauliwa kwenye gia huondoka na kumkanyaga aliye chini yake. Ukiazima umeme, azima kwa lori la volti 24, na waya wa mwisho wa hasi uufunge kwenye chasisi mbali na betri, kwa sababu cheche karibu na gesi ya betri hulipua. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo.

Injini ikishawaka, pima betri zote mbili kwa pamoja kabla hujaondoka. Ikisoma kati ya volti 27.5 na 28.5, oltaneta, mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka, inachaji. Ikibaki 25, kagua mkanda wake papo hapo, la sivyo kesho asubuhi utaisikia tatatata ileile.