Somo: Bodi ya kuongeza RAM ya KB 8 kwenye Famicom

Somo hili ni la wenye Famicom halisi, mashine ya gemu ya Nintendo, au zile mashine za kuiga zinazokula kaseti ya pini 60, ambazo ukipekua vizuri soko la Mlango Mmoja, Mwanza, bado unazikuta kwenye marundo ya redio na rimoti. Tunatengeneza bodi inayokaa kati ya mashine na kaseti: chini ina ulimi wa kuingia kwenye mashine, juu ina soketi ya kupokea kaseti, katikati kuna RAM (kumbukumbu ya kuandika na kusoma) ya KB 8 isiyosahau hata ukizima. Gemu za zamani hazitaitumia, maana hazijui kama ipo. Inamfaa anayeandika gemu lake na anataka lihifadhi alama.

Wazo si geni. Family BASIC ya 1984, kaseti ya kuandikia programu, ilikuwa na RAM ya KB 2 ndani ya kaseti, ikishikiliwa na betri ndogo za AA, na Disk System ya 1986, kifaa cha kusoma diski, iliingiza KB 32 kupitia tundu hilohilo. Najua wengi mnataka kurukia huko moja kwa moja. Anzeni na KB 8. Kuunganisha njia 60 ni kazi ya subira tu. Kigumu ni kuifanya RAM inyamaze wakati si zamu yake.

Hatua ya 1: Vifaa

RAM aina ya 6264 (nanosekunde 70 au 100, zote zinatosha), 74HCT20 (chipu ya mageti), MCP130 ya volti 4.5 (chipu inayochunga volti zisishuke), betri CR2032 na kishikizo chake, dayodi moja ya 1N5817 na mbili za 1N4148, rezista mbili za kilo-omu 1 na moja ya kilo-omu 100, kapasita ya pikofaradi 33, na kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwa kila chipu. Soketi ni ya pini 60, nafasi ya milimita 2.54 kati ya pini na pini.

Hatua ya 2: Nani aongee, na lini

Hapa msiharakishe. Prosesa ya Famicom inaiachia kaseti anwani $6000 hadi $7FFF ($ ni alama ya heksadesimali) kwa ajili ya RAM. Kuitambua sehemu hiyo kunahitaji njia za anwani A13 na A14 ziwe juu (1) na A15 iwe chini (0). Tatizo ni kwamba A15 haifiki kwenye kaseti. Kinachofika ni /ROMSEL (ishara ya kuchagua ROM), pini ya 44, ambayo hushuka pale tu A15 na M2 (mapigo ya saa ya prosesa) zote zikiwa juu. Kwa hiyo ukiiona /ROMSEL iko juu usiseme "A15 iko chini". Huenda ni M2 tu iliyo chini, na wakati huo anwani bado zinahamahama. Ndiyo maana lazima M2, pini ya 32, nayo iingie kwenye hesabu.

Basi: /ROMSEL, M2, A13 (pini 34) na A14 (pini 35) ziingie kwenye geti moja la 74HCT20. Zote nne zikiwa juu, tokeo linashuka na kuiamsha RAM kupitia CE1, pini yake ya kuamshia. R/W (kusoma au kuandika), pini ya 14, iende kwenye WE (pini ya kuruhusu kuandika) ya RAM. OE (pini ya kuruhusu kusoma) ifunge chini, yaani GND.

Bado kuna mtego. M2 inapopanda, /ROMSEL inachelewa kidogo kushuka, kwa sababu inapitia geti ndani ya mashine. Katika upenyo huo mdogo, data inayoandikwa $E000 na kuendelea inaweza kudokoa RAM yako. Dawa ni kuichelewesha M2 kabla ya geti: rezista ya kilo-omu 1, kisha kapasita ya pikofaradi 33 kwenda chini. Sambamba na rezista weka 1N4148, katodi ielekee upande wa mashine, ili kushuka kwa M2 kusicheleweshwe. Mzunguko mzima wa prosesa ni kama nanosekunde 559, kwa hiyo nanosekunde 30 hivi hazitakuumiza.

Hatua ya 3: Betri

Volti 5 za mashine zipite 1N5817 kwenda kwenye VCC (pini ya umeme) ya RAM. Betri ipite rezista ya kilo-omu 1 na 1N4148 kufika hapohapo. Dayodi hiyo si pambo: CR2032 haichajiwi, na ukiilazimisha inaweza kupasuka.

MCP130 ilishwe volti 5 za mashine, tokeo lake liende CE2 (pini ya pili ya kuamsha RAM, hii huamsha ikiwa juu), na rezista ya kilo-omu 100 kutoka CE2 kwenda chini. Kwa umeme wetu wa kukatika gemu likiwa limenoga, hii ndiyo inayookoa alama: volti zikishuka tu, RAM inafungiwa kabla prosesa haijaanza kuandika ovyo.

Hatua ya 4: Kuchora na kuagiza

KiCad, programu ya kuchorea bodi, ni ya bure na inatosha. Agiza bodi ya unene wa milimita 1.2. Ukiacha 1.6 ambayo viwanda hukuwekea bila kuulizwa, utapanua pini za mashine na kaseti zako za zamani zitaanza kulegea. Ulimi upakwe dhahabu na ukingo wake uchongwe mshazari. Kwa unyevu wa ziwa letu, bati huchafuka mapema. Njia nyingine zote zipite moja kwa moja, 1 kwenda 1 hadi 60 kwenda 60. Thibitisha kwa mita kabla ya kulehemu chipu, kwani kugeuza upande wa soketi ni rahisi mno.

Kama unalehemu usiku huku Kirumba au Igombe, funga dirisha. Wale wadudu wa ziwani wakiiona taa, wanajaa kwenye fluksi.

Hatua ya 5: Kujaribu

Andika programu fupi kwa ca65 (asembla) inayojaza $6000 hadi $7FFF kwa namba zinazotokana na anwani yenyewe, kisha izisome. Usijaze namba moja kote, haitakuonyesha njia za anwani zilizogusana. Zima, subiri, washa, soma tena.

Maswali ya wanachama

*Igoma:* Fundi, dukani nimepata 74HC20 tu. Inafaa?

Kaka, itawaka halafu ikusumbue. HC kwenye volti 5 inataka kama 3.5 ndipo ikubali kwamba njia iko juu, na /ROMSEL inatoka kwenye chipu ya jamii ya LS ambayo huenda isifike hapo. HCT inaridhika na 2. Ukikosa HCT, bora 74LS20.

*Nyegezi:* Shikamoo mwalimu. Nina kaseti yenye betri yake ya kuhifadhi. Nikiichomeka juu ya bodi hii?

Marahaba, dada. Zitagombana, RAM mbili zitajibu anwani moja. Weka swichi ndogo inayofunga CE2 chini. Bodi italala, kaseti ifanye kazi yake.

*Bukoba:* Picha safi, gemu linachezeka, sauti hakuna kabisa.

Angalia pini 45 na 46. Sauti ya Famicom hutoka kwa 45, ikapita ndani ya kaseti, ikarudi kwa 46. Njia moja ikikatika kwenye bodi yako, ni kimya. Baadhi ya mashine za kuiga hazipitishi sauti huko, ndiyo maana kwa mwenzako inaweza kusikika.

*Musoma:* Betri sitaki. Kuna njia?

Ipo: FM16W08, KB 8, hutunza data bila umeme. Inakaa sehemu ya 6264, ila pini ya 26 haitumiki, kwa hiyo hakuna CE2. Badilisha 74HCT20 uweke 74HCT30 yenye maingizo manane: manne ya awali, la tano tokeo la MCP130, matatu yaliyobaki yafunge volti 5. Dayodi ya 1N5817 iondoe, ilishe moja kwa moja.

*Ukerewe:* Mjomba kaniletea Famicom ya Japani na adapta yake. Nichomeke tu?

Usithubutu! Adapta hiyo ni ya volti 100, ukutani kwetu ni 230. Tafuta ya hapa inayotoa DC volti 9 au 10, angalau miliampia 850, na hasi iwe katikati ya plagi. Nyingi za madukani zina chanya katikati, kwa hiyo pima kwanza.