Kuiongoza kampuni ndogo baada ya soko kuanguka: hatua tulizofuata Arusha

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa nje wapatao milioni 1.5, mwaka 2020, korona ilipoingia, walikuwa takriban 620,000. Nilikuwa meneja wa kampuni ya safari yenye magari 6, yote yameegeshwa. Hivi ndivyo tulivyojinasua.

1. Hesabu wiki zilizobaki. Chukua fedha iliyoko benki, toa amana za wageni ambao hawajasafiri (hiyo si yako bado, usiinunulie mafuta), kisha gawanya kwa matumizi ya wiki. Sisi tulipata wiki 9.

2. Waambie wafanyakazi namba hiyo. Hapa nilikwama siku kumi nzima, nikihofia wataondoka. Nilipoisema, dereva wetu mkongwe akashusha pumzi: "Meneja, huko kijiweni walishasema tumefunga." Ukimya wangu ulikuwa umewatisha kuliko ukweli wenyewe. Siku hiyohiyo punguza mshahara wako, kabla hujagusa wa mpishi.

3. Kutaneni kila asubuhi, dakika 15, mkiwa mmesimama. Jana mteja katufundisha nini? Leo tunajaribu nini? Nani amekwama? Basi.

4. Jaribuni jambo moja kwa wiki mbili. Tulianza na safari ya siku moja ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire kwa Watanzania: viingilio vya wananchi ni nafuu na hulipwa kwa shilingi, nao wateja walilipa kidogo kidogo kwa simu. Dada wa mapokezi nilimruhusu kupunguza bei hadi asilimia 10 bila kuniuliza. Mimi nilitarajia familia. Yeye, kwa kuwa ndiye aliyepokea simu, aligundua wanaopiga ni wanakwaya na kina mama wa vikoba (vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha), wanaotaka Jumamosi, wakae gari moja, na wale pilau ya moto badala ya vile viboksi vya chakula tulivyozoea kuwapa wageni. Alibadilisha ratiba mwenyewe. Ningemtaka asubiri idhini yangu, wale kina mama wangekwenda kwingine.

5. Andikeni kikomo kabla ya kuanza. Ubaoni tuliandika: viti 12 ndani ya siku 14, la sivyo tunaacha. Jaribio la pili, safari za mkopo kwa wafanyakazi wa ofisini, liliuza viti 5. Lilikuwa wazo langu. Siku ya 14 dereva yuleyule alilifuta ubaoni, nami nikamshukuru mbele ya wenzake.