Iulize mashine kabla hujachoma bando

Vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaokuja ofisini kwetu Makole kwa mafunzo kwa vitendo huwa nawapa sharti moja: ukikaa mbele ya seva, simu mfukoni. Mengi wanayoyakimbilia mtandaoni yamo tayari kwenye diski, tena ya toleo lilelile lililosakinishwa hapo. Seva zetu ni za Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux.

Tuchukue crontab, amri ya kupanga kazi zijiendeshe kwa ratiba, maana hapo ndipo wengi hukwama wakitaka nakala za akiba zichukuliwe zenyewe usiku. Andika:

whereis crontab

Utaonyeshwa programu yenyewe, /usr/bin/crontab, pamoja na kurasa zake za mwongozo: moja imo man1, nyingine man5. Namba hizo usizipuuze. Fungu la 1 ni la amri, la 5 ni la miundo ya mafaili, la 8 ni la kazi za msimamizi. Amri ya man ndiyo hufungua mwongozo: ukiandika "man crontab" unapewa la 1, nalo linaeleza namna ya kufungua ratiba tu. Zile nyota tano za mstari wa ratiba zimeelezwa kwenye "man 5 crontab": dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, siku ya wiki, pamoja na mifano. Ukiwa ndani, bonyeza / utafute neno, na q utoke. (Wapo wanaofunga dirisha zima ili watoke.)

Wengi wanajua which, amri ya kuonyesha programu ilipo. Mimi napenda "type -a python3", kwa sababu inataja kila mahali ilipo kwa mfuatano wa PATH, yaani orodha ya folda ambamo programu hutafutwa. Ya juu ndiyo itakayotumika. Ukiona /usr/local/bin imetangulia, kuna mtu kajiwekea Python yake, na ule ubishi wa "mbona kwangu inafanya kazi" mara nyingi huanzia hapo. "type cd" itakuambia amri hiyo imo ndani ya bash yenyewe, ile programu inayopokea amri unazoandika. Msaada wake ni "help cd".

Hazina yenyewe iko /usr/share/doc. Kwanza jua kifurushi kilicholeta programu, kwa dpkg, msimamizi wa vifurushi vya Ubuntu:

dpkg -S /usr/bin/crontab

Jibu ni cron. Basi ingia /usr/share/doc/cron, na mafaili yanayoishia na .gz yasome kwa zless. "dpkg -L cron" huorodhesha kila kilichokuja na kifurushi. Kwenye Ubuntu 22.04, "dpkg -S" haiitambui /usr/bin/ls, ipe /bin/ls.

Jina la programu hulijui? "man -k compress". Tafuta kwa Kiingereza, ndiyo lugha ya kurasa hizo. Ukiandika "bana" utaambulia patupu. Hata neno la kawaida likikosa majibu, jaribu "sudo mandb" ili faharasa ya kurasa iundwe au isasishwe.

Seva iliyosakinishwa kwa umbo la kupunguzwa huwa haina kurasa hizi kabisa. Kwenye 22.04 zirudishe kwa "sudo unminimize", lakini fanya hivyo kwa intaneti ya ofisi: inapakua vitu vingi, bando la simu yako halitatosha.