Namna ya Kutofautisha "Safety" na "Security" Unapofasiri: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mfasiri anayefanya kazi kati ya Kiingereza na Kiswahili hukutana na maneno "safety" na "security" mara kwa mara, na kwa mazoea huyaandika yote mawili "usalama". Katika sentensi nyingi hakuna kinachoharibika. Tatizo hujitokeza pale maneno hayo yanapokaa pamoja, kama katika sentensi hii ambayo ni ya kawaida kabisa katika taarifa za kilimo na afya: "Food safety is an essential part of food security." Ukiifuata njia ya mazoea utaandika kwamba usalama wa chakula ni sehemu ya lazima ya usalama wa chakula, na msomaji hatakuwa ameambiwa lolote. Mwongozo huu unaeleza hatua ninazozifuata katika kazi yangu ya kufasiri ili kuyatenganisha maneno hayo, na hatua hizo hizo zinaweza kutumika kwa jozi nyingine yoyote ya maneno ya Kiingereza yanayokaribiana maana.

Hatua ya kwanza: kusanya sentensi kabla ya kufungua kamusi

Kamusi nyingi zitakuzungusha, kwa kuwa hulifafanua neno moja kwa kutumia jingine. Anza badala yake na matumizi halisi. Zipo hazina kubwa za matini ya Kiingereza ambazo mtu anaweza kuzitafuta kupitia intaneti, zikiwemo British National Corpus, yenye maneno yapatayo milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza, na Corpus of Contemporary American English, yenye zaidi ya maneno bilioni moja ya Kiingereza cha Marekani. Andika neno unalolichunguza, nakili sentensi ishirini au thelathini, kisha usome kwa makini neno linalolitangulia na linalolifuata.

Utaona haraka kwamba kila neno lina jamaa zake. "Safety" huandamana na mkanda wa gari, kofia ngumu ya fundi, pini ya kufungia nguo, barabara, moto, mgonjwa na mtambo. "Security" huandamana na mlinzi wa getini, majeshi, mipaka, taifa, lakini pia ajira, mkopo, pensheni na chakula. Orodha hii ya pili iweke karibu, kwa sababu ndiyo itakayotusumbua baadaye.

Hatua ya pili: uliza madhara yanatoka wapi

Swali la kwanza la kuuliza juu ya kila sentensi uliyoikusanya ni hili: kinachohofiwa hapa ni ajali au ni mtu mwenye nia mbaya? Mahali pa ajali, hitilafu, uzembe, sumu au nguvu za maumbile, Kiingereza kwa kawaida husema "safety". Mahali pa mwizi, mtekaji, mhujumu au adui, husema "security".

Usafiri wa anga unaonyesha mpaka huo vizuri kuliko fani nyingine ninazozifahamu. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaosimamia usafiri huo duniani, una viambatisho kadhaa. Kiambatisho cha 17, kilichopitishwa mwaka 1974 katika kipindi ambacho utekaji nyara wa ndege ulikuwa umeenea, kinahusu "security". Kiambatisho cha 19, kilichopitishwa mwaka 2013, kinahusu "safety", yaani namna ya kuzuia ajali. Abiria anapopekuliwa mizigo kabla ya kupanda ndege yumo katika Kiambatisho cha 17. Anaposafirishwa hewani ndani ya ndege iliyokaguliwa injini zake, yumo katika Kiambatisho cha 19. Kiswahili huviita vyote viwili usalama wa usafiri wa anga.

(Msomaji wa Kongo au Burundi anayetegemea Kifaransa kumwokoa ajihadhari. Katika usafiri wa anga, "sécurité" ndiyo "safety" na "sûreté" ndiyo "security". Lakini katika nishati ya nyuklia mambo hugeuka, na "sûreté" ikawa ndiyo "safety". Wajerumani nao wana neno moja tu, "Sicherheit". Kwa hiyo Kiswahili hakina upungufu wa pekee.)

Namna bora zaidi ya kuhakikisha kwamba umeielewa tofauti hii ni kutafuta mahali ambapo mambo haya mawili yanagombana. Mfano uko katika mabweni ya shule zetu. Nondo za madirishani na kufuli kubwa la mlangoni huwazuia wezi wasiingie, na kwa hiyo huongeza "security". Moto unapowaka usiku, nondo hizo hizo na kufuli hilo hilo huwazuia wanafunzi wasitoke, na "safety" yao huwa imeondolewa kabisa. Ndiyo maana mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unataka madirisha ya mabweni yasiwe na nondo, na milango ifunguke kwa nje. Mfasiri anayeandika "nondo huongeza usalama" kisha, mstari wa tatu, "nondo huhatarisha usalama", anamfanya mwandishi mwenye akili timamu aonekane anajipinga. Hapo andika kwamba nondo huimarisha ulinzi dhidi ya wezi lakini huhatarisha maisha ya wanafunzi wakati wa moto.

Hatua ya tatu: tenga sentensi ambazo swali hilo halizitatui

Wafasiri wengi huishia hatua ya pili, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Kanuni ya ajali na adui ni nzuri, lakini haiwezi kueleza kwa nini Kiingereza husema "job security", "social security" na "food security", ambako hakuna adui yeyote aliyejificha. Wala haielezi kwa nini nyumba iliyowekwa rehani benki huitwa "security" ya mkopo.

Asili ya maneno itatusaidia. "Safe" linatokana na neno la Kilatini "salvus", lenye maana ya mzima, asiyedhurika. "Secure" linatokana na "securus", ambalo limeundwa kwa "se", yaani bila, na "cura", yaani wasiwasi au shughuli ya kuangalia. Neno la kwanza huuliza kama mwili au kitu kiko kizima. La pili huuliza kama mtu anaweza kutulia, kwa kujua kwamba alichonacho hakitamtoka na anachokihitaji kesho kitakuwepo. Hali hiyo ya kutulia inaweza kuletwa na mlinzi mwenye bunduki, lakini pia inaweza kuletwa na mkataba wa ajira, na mfuko wa pensheni, au na ghala lenye mahindi. Benki inayoshikilia hati ya nyumba imetulia kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo swali la pili la kuuliza ni: je, sentensi hii inazungumzia kukingwa na madhara, au inazungumzia uhakika wa kuendelea kuwa na kitu?

Sasa rudi kwenye chakula. Mkutano wa kilele wa chakula duniani uliofanyika Rome mwaka 1996 ulieleza kwamba "food security" ipo pale watu wote, wakati wote, wanapoweza kupata na kumudu chakula cha kutosha, kilicho salama na chenye lishe, kinachokidhi mahitaji yao ya mlo na upendeleo wao, ili waishi maisha yenye nguvu na afya. Angalia maneno "kilicho salama" ndani ya maelezo hayo: ile "food safety" imekaa ndani ya "food security" kama sharti lake mojawapo. Mtu anaweza kuwa na chakula tele kisicho salama, na akawa bado hana uhakika wa chakula.

Jambo hili si la nadharia. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Mahindi yalikuwepo, yalikuwa yanaua. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikaruhusu uingizaji kwa masharti, likiwemo la kuthibitisha kwamba kiwango cha sumu hakizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Katika sakata hilo moja, hoja ya kuzuia mahindi ilikuwa ya "safety" na hoja ya waliolalamika kwamba unga ungeadimika ilikuwa ya "security". Msomaji aliyepewa "usalama wa chakula" kwa hoja zote mbili hawezi kujua nani alikuwa anabishana na nani.

Sentensi yetu, basi, naifasiri hivi: "Chakula kuwa salama kwa mlaji ni sehemu ya lazima ya uhakika wa chakula."

Hatua ya nne: badilishanisha maneno na usikilize

Chukua sentensi moja, weka "safe", kisha weka "secure" mahali pale pale. "The bridge is safe" humaanisha kwamba daraja halitaporomoka ukipita. "The bridge is secure" huenda ikamaanisha kwamba askari wamelishika. "The ladder is secure" ni ngazi iliyofungwa imara, ilhali "the ladder is safe" ni ngazi inayofaa kupandwa. Jaribu pia vinyume: "an unsafe driver" ni dereva anayeweza kukuua, na "an insecure driver" ni dereva asiyejiamini. Sentensi zisizobadilika maana baada ya mabadilishano, nazo zipo, zinakuruhusu kuandika "usalama" bila hofu.

Hatua ya tano: chagua neno la Kiswahili

Majina rasmi hayaguswi. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa litabaki hivyo, na vivyo hivyo Idara ya Usalama wa Taifa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, hata kama mawili ya mwanzo yanatokana na "security" na la tatu linatokana na "safety".

Nje ya majina rasmi una nafasi ya kuchagua. Kwa kuzuia wahalifu, "ulinzi" linatosha, na ndilo watu walilolizoea: kampuni ya ulinzi, mlinzi wa usiku. Lakini tahadhari na matini za serikali ya Tanzania zinazotaja "vyombo vya ulinzi na usalama", kwa kuwa hapo "ulinzi" limeshachukua nafasi ya "defence". Kwa chakula na ajira, tumia "uhakika". Kwa mafao ya uzeeni na maradhi, tumia "hifadhi ya jamii". Kwa mkopo, "dhamana".

Kiswahili pia kina kiambishi cha mahali, "-ni", kinachofanya kazi nzuri ambayo wafasiri huisahau. "Usalama barabarani" na "usalama mtandaoni" humhusu mtu aliyeko mahali hapo, na hivyo huelekea upande wa "safety". "Usalama wa mtandao" huhusu mfumo wenyewe kukingwa na wadukuzi, na huelekea upande wa "security". Taarifa inayohusu watoto kulaghaiwa na watu wazima katika mitandao ya kijamii iandikwe kwa "usalama mtandaoni". Si kanuni isiyovunjika, kwani "usalama wa abiria" ni "safety" tupu, lakini imenitatulia sentensi nyingi ambazo vinginevyo zingehitaji maelezo marefu.

Hatua ya sita: soma bila matini chanzi, kisha weka kumbukumbu

Funika Kiingereza na usome tafsiri yako peke yake. Kila unapokuta "usalama", jiulize kama msomaji anaweza kujibu, kutokana na maneno yaliyoko kwenye ukurasa tu, ni usalama wa nani na dhidi ya nini. Asipoweza, ongeza maneno mawili matatu: "usalama wa wafanyakazi dhidi ya kemikali" ni refu kuliko "usalama kazini", lakini halimwachi mtu akikisia. Kisha andika uamuzi wako katika faharasa ya kazi hiyo: neno la Kiingereza, neno ulilolichagua, na sentensi nzima ulimolitumia. Usiandike neno peke yake, kwa kuwa mfasiri atakayeipokea faharasa hiyo akiona tu "security: uhakika" anaweza kumgeuza mlinzi wa getini kuwa mtu wa uhakika.