Kunusuru programu zilizo kwenye disketi za zamani

Mwalimu wangu mstaafu, hapa Tanga, aliniletea kompyuta yake ya zamani, Pentium II, na boksi la disketi 22. Mashine iliwaka siku ile ile. Disketi zilinila siku tatu, kwa hiyo nitakaa zaidi hapo.

Hatua ya 1. Badilisha betri ya CR2032 kwenye ubao mama, kisha weka tarehe kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla mfumo haujawaka).

Hatua ya 2. Weka FreeDOS 1.3, mfumo endeshi unaoendesha programu za zamani za DOS. Ni ya bure, ni halali, na ina toleo la disketi. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe. Sipendi kabisa zile Windows 98 za kuokota mtandaoni, hujui nani kazichezea.

Hatua ya 3. Soma disketi, lakini usizichomeke bado!

Sogeza kifuniko cha chuma kwa kidole, zungusha kitovu cha nyuma taratibu, mulika tochi. Huku pwani utakuta madoa meupe kama unga wa muhogo. Huo ni ukungu. Mimi niliichomeka moja hivyo hivyo, uchafu ukaganda kwenye kichwa cha kusomea, na disketi tatu nzima zilizofuata zikakwaruzwa. Mojawapo ilikuwa na draiva ya printa.

Kijiti cha pamba kitie isopropili, ile wanayosafishia bodi mafundi simu. Usitumie spiriti ya kidonda, nyingine huacha mafuta. Futa bila kukandamiza, pande zote mbili, acha ikauke kabisa. Kila ukitoa disketi iliyokuwa na ukungu, safisha na kichwa cha kusomea.

Sogeza kile kidude cha pembeni mpaka tundu libaki wazi, ili kisiandikwe kitu. Chomeka kwenye kisoma disketi cha USB, kwenye kompyuta nyingine yenye Linux. Angalia jina lake kwa amri ya lsblk, kwangu lilikuwa sdb. Kisha ddrescue inanakili disketi nzima, sekta (kipande kidogo cha data) kwa sekta, kuwa faili moja la .img, na kwenye .map inaandika sekta zipi zimesomeka:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb d01.img d01.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb d01.img d01.map

Usinakili mafaili kwa kuyaburuta. Sekta ya kuwashia haiji, na baadhi ya programu hukagua jina la disketi zinapojisakinisha, zisipolikuta zinagoma. Disketi ya 1.44 MB lazima itoe faili la baiti 1,474,560 kamili: njia 80, pande 2, sekta 18, baiti 512.

Faili la .map litunze. Disketi namba 9 ilibaki na sekta 14 zisizosomeka. Niliihamishia kwenye kisoma kingine, nikatumia map ile ile, zikabaki 2.

Hatua ya 4. Endesha sha256sum kwa kila .img (inatoa namba ya kuhakiki kwamba faili halijabadilika), piga picha ya lebo, pandisha vyote Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni.

Ila uliza kwanza. Kampuni kuacha kuuza programu hakuondoi hakimiliki. MS-DOS 4.00, mfumo endeshi wa zamani wa Microsoft, unaweza kuisambaza kwa sababu Microsoft yenyewe ilitoa msimbo wake mwaka 2024 kwa leseni ya MIT, inayoruhusu kusambaza. Programu ya alama za wanafunzi iliandikwa na mtoto wa mwalimu. Tulimpigia simu, akakubali, akaomba tufute kwanza majina ya wanafunzi. Tukayafuta ndipo tukapandisha.